Ukame ukija, Moshi isitegemee gari kubwa na haidranti pekee

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu ya barua tuzungumzie utayari wa zimamoto hapa Moshi kabla kiangazi hakijakomaa. Tunalotaka kusema ni hili: moto wa nyasi na vichaka wakati wa ukame hauzimwi kwa vifaa vya kuzimia nyumba. Mji ukijiandaa kwa gari kubwa na haidranti (bomba la mtaani la kujazia magari ya zimamoto) pekee, siku ya siku utakuta gari halifiki na haidranti haina maji.

Wengi wanapoifikiria hatari hii hukumbuka Oktoba 2020. Moto ule wa Mlima Kilimanjaro ulianza Jumapili tarehe 11 eneo la Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, na kwa hesabu ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, uliteketeza kilomita za mraba 95.5. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, mara hii karibu na kambi ya Karanga. Hofu inayosikika mitaani ni kwamba iko siku moto wa aina hiyo utashuka mpaka mjini. Hilo si rahisi. Kati ya vichaka vikavu vya juu na mji upo ukanda wa msitu wa mvua, kisha vihamba vya migomba na kahawa, na mgomba wenye maji haushiki moto kirahisi.

Hatari ya mji inatoka kwingine. Mlima ukiwaka, askari na magari ya mjini huitwa kupanda kusaidia, na huko wanaweza kukaa wiki nzima. Wakati huohuo ukame uleule umekausha kingo za mji: upande wa kusini ambako nyasi hufika kiunoni, viwanja visivyojengwa, kandokando ya reli, maeneo ya shule na taasisi, msitu wa Rau, dampo, na kule juu mashamba ya misindano na mikaratusi kwenye nusu maili, ule ukanda wa miti kati ya vijiji na msitu wa mlima. Robo tatu ya nyasi ikishakauka, mtu mmoja anayechoma mabua mchana wenye upepo anatosha kuanzisha balaa. Na wakati huo mji wenyewe hauna gari.

Cape Town ni mji mwingine ulio chini ya mlima. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa Table Mountain ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na nyaraka za Afrika zisizopatikana kwingine. Mji ule una zimamoto yenye watu na vifaa vingi kuliko miji yetu, na una helikopta za kumwaga maji, ila upepo ulikuwa na kasi kuliko vyote hivyo.

Tuanze na gari. Gari kubwa la zimamoto limeundwa lisimame barabarani mbele ya jengo. Likijaa maji hufika tani 15 au zaidi. Kwenye udongo mwekundu wa mteremko au daraja la mbao la kijijini halipiti, na likizama, gari la pili litaacha kuzima moto liende kulivuta. Tatizo jingine halionekani kwa macho. Mengi ya magari haya pampu yake huchukua nguvu kwenye gia boksi, hivyo hayawezi kusukuma maji yakiwa yanatembea. Moto wa nyasi unatembea. Gari linasimama, mipira inatandazwa, presha inapanda, na wakati huo kichwa cha moto, yaani sehemu inayotangulia mbele, kimeshapita.

Kinachotakiwa ni pikapu ya kuendesha magurudumu yote manne, yenye mtambo wa kupachika nyuma: tangi la lita 400 hadi 500, pampu ndogo yenye injini yake ya petroli, na roli ya mpira wa milimita 25, urefu wa mita 30 hadi 60. Mpira wa namna hiyo hutoa lita 40 hadi 60 kwa dakika, na kwa moto wa nyasi kiasi hicho kinatosha, kwa sababu dereva anakwenda polepole ubavuni mwa moto huku mwenzake anayetembea kando analenga chini ya ndimi za moto. Tangi la lita 500 linakupa dakika kama kumi za kazi. Ukiongeza povu la aina ya A, lile la moto wa nyasi na kuni, kwa asilimia 0.3, yaani lita moja na nusu kwa tangi zima, maji yaleyale hupenya kwenye nyasi badala ya kuteleza juu yake. Povu lisitumike karibu na chemchemi wala mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba).

Hesabu ya uzito ifanywe kabla tangi halijanunuliwa. Pikapu ya kubeba tani moja ikipewa lita 500, hizo ni kilo 500. Pampu, roli na fremu ni kilo 100 hadi 150. Watu wanne na zana zao ni kilo 300 na kitu. Hapo gari limejaa. Anayeweka tangi la lita 1,000 akidhani ameongeza nguvu atavunja springi, na mbaya zaidi atapindua gari kwenye mteremko. Ndani ya tangi kuwe na kuta za kugawa maji, maana tangi lililofika nusu huyumba na kulisukuma gari nje ya kona. Pampu iwashwe kila wiki kwa dakika 15 ikiwa inasukuma maji. Ikizungushwa kavu sili ya shafti huungua, na petroli iliyokaa miezi kwenye kabureta huganda na kuziba. Mitambo mingi mizuri ya msaada hufa hivyo, stoo, bila kuona moto hata mmoja.

Sasa maji, ambayo ndiyo yanayotutia hofu zaidi. Mtandao wa maji wa mji hupimwa kwa matumizi ya nyumbani pamoja na kuzima jengo moja au mawili kwa wakati mmoja. Januari 7, 2025 moto ulipolipuka mtaa wa Pacific Palisades huko Los Angeles, baada ya miezi mingi bila mvua, matangi matatu ya eneo la juu yenye takriban lita milioni 3.8 kila moja yalikauka kabla ya alfajiri ya siku iliyofuata, na haidranti za juu zikabaki bila presha. Bwawa kubwa la Santa Ynez lililo jirani lilikuwa tupu kwa sababu ya matengenezo ya mfuniko wake. Kama mtandao wa mji tajiri kiasi kile uliishiwa, wa kwetu nao utaishiwa, tena mapema, hasa siku za mgao.

Kwa hiyo haidranti zote zipimwe sasa, wakati maji bado yapo. Zitafutwe kwanza, maana nyingine zimefunikwa na lami, vifusi au uzio wa mtu. Kila moja ifunguliwe, maji machafu yatoke mpaka yawe safi, kisha yaelekezwe kwenye tangi la lita 1,000 huku muda ukihesabiwa. Tangi likijaa kwa dakika mbili, hiyo ni haidranti ya lita 500 kwa dakika. Likijaa kwa dakika kumi, hiyo ni ya kujazia pikapu tu, na dereva wa gari kubwa asipoteze muda kwenda hapo. Kiwango kiandikwe kwa rangi kwenye nguzo jirani na kwenye ramani inayokaa ndani ya kila gari. Kipimo hicho kirudiwe saa ambazo mtaa huo uko kwenye mgao, kwa kuwa namba ya asubuhi yenye maji haimsaidii mtu saa kumi jioni bomba likiwa kavu.

Viungio navyo vitazamwe. Magari yetu yametoka nchi mbalimbali, mengine yana viungio vya Kiingereza vya inchi mbili na nusu, mengine vya Storz vya milimita 75 na 52. Mpira wa gari moja usipoingia kwenye gari la pili, magari mawili yanakuwa hayawezi kusaidiana hata yakisimama bega kwa bega. Adapta mbili za kila aina, zimefungwa kwa mnyororo kwenye kila gari, zinamaliza tatizo hili kwa gharama ndogo kabisa.

Kuvuta maji mtoni kuna mipaka yake. Usawa wa bahari, pampu kamili haiwezi kunyonya maji kutoka chini zaidi ya mita 10.3. Moshi iko kama mita 900 juu, ambako kikomo cha kinadharia ni mita 9.3, na kwa vitendo usipange zaidi ya mita 6 au 7. Ukiweza kushusha gari karibu zaidi na maji, shusha. Chujio la kunyonyea linataka kina cha angalau sentimita 60 juu yake. Wakati wa ukame mto hauna kina hicho, pampu inavuta hewa na kupoteza maji yote. Dawa yake ni chujio la kuelea, au kuziba mto kwa viroba vya mchanga mpaka kidimbwi kipatikane. Pampu za petroli nazo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo pampu iliyofanya vizuri uwanjani Moshi itakuwa imepungua sana ikifikishwa Mandara, mita 2,700 juu. Ukipandisha maji kwa mpira, kila mita 10 za mwinuko hula presha ya baa 1.

Maji ya kubeba kwa boza ni hadithi nyingine ya hesabu. Chukua boza la lita 10,000 linalojaza kwenye haidranti ya lita 500 kwa dakika. Kujaza ni dakika 20, kwenda 15, kumwaga 10, kurudi 15. Saa nzima imekwisha, na kule mbele wamepata wastani wa lita 167 kwa dakika. Huo ni mpira mdogo wa pikapu mara tatu. Mpira mmoja mkubwa wa milimita 65 unaotoa lita 500 utayamaliza maji hayo ndani ya dakika 20 na kusubiri dakika 40 zinazobaki. Hii ndiyo sababu tunasisitiza mipira midogo, na ndiyo sababu boza lisimame na kumwaga kwenye bwawa la turubai badala ya kukaa pale likinyonywa taratibu; boza lisilotembea halileti maji.

Akiba iwekwe pembezoni mwa mji kabla ya msimu. Matangi ya plastiki ya lita 5,000 au 10,000 kwenye shule, zahanati, makanisa na misikiti ya kata za pembezoni, kila moja likiwa na tundu la kutolea la milimita 63 chini kabisa na kiungio kilekile cha zimamoto. Tangi la kawaida la nyumbani lina koki ya robo tatu inchi, ambayo itachukua nusu saa na zaidi kujaza pikapu mbili, na kwa moto huo ni muda mrefu mno. Kwenye vijiji vya juu, wenyeviti wa mifongo washirikishwe. Wao wanajua mfongo upi una maji mwezi Septemba, na makubaliano ya nani anafungulia maji usiku yaandikwe kabla ya dharura.

Hata hivyo kazi kubwa itafanywa bila maji. Moto wa nyikani unakatwa kwa kuondoa cha kuungua. Kikosi cha watu 20 kinajitosheleza kikiwa na mapanga na mafyekeo 6, majembe 6, reki 3, mabomba ya mgongoni 3 ya lita 16 hadi 20, kiongozi mmoja na mlinzi mmoja ambaye kazi yake ni kutazama moto tu. Wanapangwa kwa mstari, mita tatu kati ya mtu na mtu ili wasikatane: wa mapanga mbele, majembe yakifuata kufikia udongo mtupu, reki zikisafisha, mabomba yakilinda nyuma. Mstari uanzie mahali pasipoungua, kama barabara, mto au sehemu iliyokwisha kuungua, ili moto usizunguke nyuma yao, kisha ufuate ubavu kuelekea kichwa. Upana wake uwe angalau mara mbili au tatu ya urefu wa nyasi; nyasi za mita moja zinataka mita tatu, na upepo ukivuma hata kumi hazitoshi.

Kosa linalorudiwa sana ni kurundika nyasi zilizofyekwa kwenye ukingo wa mstari. Moto ukifika pale unakuta kuni zimepangwa na unaruka. Kilichofyekwa kabla hakijaungua kitupwe mbali upande wa nje kwa kutawanywa, kinachowaka kitupwe ndani. Kwenye mteremko, mstari ulio chini ya moto uwe na mtaro wa kudaka vigogo na mbegu za misindano zinazobiringika zikiwaka.

Watu wasitumwe juu ya moto kwenye mteremko. Kila nyuzi 10 za mwinamo, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban mara mbili, na hakuna anayeweza kuushinda mbio. Mchana upepo wa mlimani hupanda, usiku hugeuka na kushuka. Saa nzuri ya kuushambulia ni alfajiri, hewa ikiwa na unyevu na ndimi zikiwa fupi. Vikosi vikiondoka mjini saa tatu asubuhi vitafika moto ukiamka.

Mavazi tutayapitia haraka: ovaroli ya pamba na buti za ngozi. Nailoni na buti za mpira huyeyukia mwilini, na koti zito la kuingilia kwenye jengo linaloungua humwangusha mtu kwa joto ndani ya saa moja. Mtungi wa hewa haufai, unaisha kwa dakika 30 hadi 45. Maji ya kunywa ni lita 1 kwa mtu kwa saa, kwa hiyo watu 20 kwa saa 8 ni lita 160, na lazima yabebwe na mtu aliyepangwa.

Moto ukishalala, nusu ya kazi ndiyo inaanza. Kwenye vichaka vya juu, mboji na mizizi hufukuta chini kwa siku nyingi, kisha upepo unafukua. Visiki vyote ndani ya mita 30 kutoka kwenye mstari vichimbwe, vimwagiwe maji na kukorogwa na udongo, halafu vipapaswe karibu kwa mgongo wa mkono. Kama pana joto, pana moto. Kikosi cha doria kibaki siku kadhaa baada ya moshi wa mwisho, kwani kuondoka mapema ndiko kunakowasha moto wa pili.

Ni lini mji uingie kwenye hali ya tahadhari? Isiachwe kwa hisia. Kipimo cha ukame cha Keetch-Byram kinakwenda kutoka 0, udongo ukiwa umejaa maji, hadi takriban milimita 200, ukiwa umekauka kabisa, na kinahesabiwa kila siku kwa joto la juu la siku na mvua iliyonyesha, kwa kuzingatia wastani wa mvua wa mwaka wa eneo husika. Mamlaka ya Hali ya Hewa inavyo vipimo hivyo. Askari mmoja mwenye kompyuta anaweza kukitunza. Kiungane na unyevu wa hewa na upepo wa siku hiyo. Viwango vya kuanzia vinaweza kuwa unyevu chini ya asilimia 30 na joto juu ya nyuzi 30, kisha vikarekebishwa kwa kumbukumbu za moto wetu wenyewe. Siku za tahadhari, likizo zisitolewe, pikapu zikae zimejaa maji, vibali vya kuchoma mashamba chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 visimamishwe, na walina asali waambiwe wazi wasipande na mwenge.

Kisha amri. Magari ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, maji ni ya MUWSA (mamlaka ya maji ya Moshi), ardhi ya mji ni ya Manispaa, mashamba ya miti ni ya TFS (wakala wa misitu), mlima ni wa KINAPA (hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro). Moto hauijui mipaka hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati, lakini kamati haiongozi watu mteremkoni. Iandikwe mapema: ukiwaka hapa, kamanda ni huyu, wengine wote wanamsikiliza. Redio za taasisi zote ziwe na chaneli moja ya pamoja isiyopitia mnara, na ijaribiwe kila mwezi. Anayepokea simu ya dharura ya zimamoto, 114, aulize maswali manne: ni wapi, kinawaka nini, moshi unaelekea wapi, gari linaingilia barabara gani. Na iwe kanuni isiyovunjwa kwamba gari moja kubwa na wafanyakazi wake halitoki mjini hata mlima ukiwaka vipi.

Kwa wananchi wa pembezoni, bati ni rafiki, lakini upenyo kati ya bati na ukuta huingiza cheche darini. Uzibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo. Kuni, mabua na nyasi za ng'ombe vikae mita 10 kutoka kwenye nyumba. Mifereji ya paa ichambuliwe majani makavu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na manunuzi yakipitia hatua zake vifaa hufika kiangazi kikiwa kimekwisha. Tunaiomba Manispaa na Mkoa viingize kwenye bajeti ijayo pikapu mbili zenye mitambo, zana za vikosi vitatu vya watu 20, na matangi ya pembezoni. Kupima haidranti, kununua adapta na kuandika nani ni kamanda havisubiri bajeti. Vinaweza kuanza Jumatatu.

Ni sisi wasomaji wako,
Wataalamu wa misitu na zimamoto,
Moshi, Kilimanjaro